Ni blaiti, ni jua ama ni mbolea? Venye utatofautisha kabla ununue dawa ya maua na fensi yako hapa Nairobi

Kila mwaka mvua ya Aprili ikishika simu yangu inajaa picha za majani ya kahawia. Fensi ya duranta kutoka Ruaka, hibiskasi ya Donholm, rozi za shosho mmoja wa Lang'ata, na chini ya kila picha swali ni lile lile, hii ni blaiti? ninunue dawa gani? Na picha ya mbali hivyo siwezi kuijibu, ju jani likikufa linageuka kahawia, liwe limechomwa na jua, limeunguzwa na mbolea, limenyonywa na wadudu ama limeingiwa na blaiti yenyewe, wote wanaishia rangi moja. Kwa hivyo rangi iweke kando kwanza.

Nilikuwa skauti miaka kadhaa kwa shamba la maua upande wa Kitengela, ile kazi ya kutembea mstari kwa mstari asubuhi na mapema na lenzi imening'inia shingoni, unageuza jani unaangalia chini, unaandika, unaenda kwa linalofuata. Baadaye nikaingia kazi ya kutunza kompaundi za watu hapa mjini na nikaona makosa mengi ni yale yale, mtu anaona kahawia, anakimbia agroveti, anarudi na pakiti. Kule shambani tulikuwa tunajiuliza maswali matatu kabla mtu aguse pampu. Jani limeanzia kufa wapi? Ukingo wa ile sehemu iliyokufa unakaa aje? Na inatembea kwa kasi gani? Hayo matatu ndio nitatumia kulinganisha hapa chini, na ukiyashika utaamua mwenyewe.

Kwanza tuelewane blaiti ni nini, ju watu wengi wameijulia kwa viazi na nyanya. Ile ya viazi inaletwa na kitu kimoja kinaitwa Phytophthora infestans na haitoki kwa shamba la viazi la jirani ikaingia kwa rozi zako, hiyo hofu iondoe. Kwa maua na vichaka, blaiti ni jina la tabia. Linamaanisha ugonjwa unaoua sehemu kubwa ya jani kwa haraka, mara nyingi pamoja na chipukizi na ua, siku chache tu tawi zima linaonekana kama limemwagiwa maji moto. Wanaoleta hiyo tabia ni wengi, kuna fangasi kama Botrytis, Alternaria, Rhizoctonia na Colletotrichum, na kuna bakteria pia, na hapo ndio dawa inaanza kutofautiana, tutafika huko.

Blaiti na madoa ya kawaida

Hii ndio tofauti ya kwanza kujua na ndio rahisi. Doa lina mpaka. Ukiangalia bogonvilia wakati wa mvua utaona vidoa vidogo vya wekundu-kahawia, kila kimoja kimezungukwa na duara la njano, na katikati ya kidoa na kidoa jani bado ni kijani na liko sawa. Blaiti haina huo mpaka, inaanza kama baka lenye unyevu, mara nyingi kutoka ncha ama ukingo ama pale maji yalikaa, halafu inapanuka inameza mshipa, inameza nusu ya jani, inashuka kwa kikonyo inaingia kwa tawi.

Rozi zina madoa meusi maarufu, ya fangasi anaitwa Diplocarpon rosae, doa lina kingo zilizochanika chanika kama wino umedondoka kwa tishu, halafu jani linageuka njano linaanguka. Hayo ni madoa na yanaudhi, lakini kichaka hakifi nayo wiki hii. Ukiona madoa tu, zoa majani yaliyoanguka, badilisha venye unamwagilia, subiri. Lakini madoa yakianza kuungana, yaani unaona matatu manne yamekuwa baka moja na machipukizi mapya pia yanaingiwa, hapo sahau jina, lichukue kama blaiti.

Yule shosho wa Lang'ata nilimuuliza, "Shosho, maua unayapatia maji saa ngapi?" Akaniambia, "Jioni mjukuu wangu, jua likipoa, nayaogesha yote na mpira mpaka yang'are." Sasa piga hesabu. Jani likiloweshwa saa kumi na mbili jioni halikauki usiku wa Nairobi, linakauka saa mbili asubuhi jua likishapanda, hayo ni masaa kumi na nne. Mbegu ya fangasi wa doa jeusi inahitaji jani libaki na maji kama masaa 7 mfululizo ndio iingie ndani. Alikuwa anaipatia mara mbili ya inachohitaji, kila siku, kwa upendo mwingi sana. Tulibadilisha saa tu, asubuhi, na maji chini kwa shina, na majani mapya yaliyotoka baada ya hapo yakakuja safi. Dawa hatukununua.

Blaiti na jua

Hapa ndio pesa nyingi inapotea mwezi wa kwanza na wa pili. Mtu ananunua mche pale nasari za Ngong Road ama Kiambu Road, mche umekulia chini ya neti ama kivuli cha mti, anaupanda kando ya ukuta mweupe unaotazama magharibi, wiki moja baadaye majani yamekuwa na mabaka ya kahawia hafifu katikati. Anasema nimeuziwa mche mgonjwa. Hapana, umeungua.

Jinsi ya kutofautisha: simama pale jua liko saa nane mchana uangalie ni majani gani yameumia. Kama ni yale ya juu na ya upande mmoja tu, na jani lililofunikwa na lingine limebaki kijani chini ya kivuli chake, hiyo ni jua. Nimewahi kuona hibiskasi ambayo jani la juu limelala juu ya lingine, na ukiinua lile la juu unakuta lililo chini lina umbo lake limechorwa, kijani pale lilipofunikwa na kahawia pale lilipochungulia. Hakuna fangasi anajua kuchora hivyo. Halafu ile sehemu iliyoungua inakuwa nyembamba kavu kama karatasi, rangi ya maziwa-chai, na inabaki hivyo hivyo. Haiongezeki. Blaiti kwa upande mwingine inapenda ndani, chini, mahali hewa haipiti na jani halikauki, kwa hivyo ukipanua fensi na mikono na ukakuta ndani ndio kubaya kuliko nje, jua halina hatia.

Na kuna wakati jua na mkasi wanashirikiana. Fensi ikikatwa sana mara moja, yale majani ya ndani ambayo hayajawahi kuona jua yanaachwa wazi ghafla, na ndani ya siku tatu yamebabuka. Hiyo nayo watu huita blaiti, ama wanamlaumu aliyekata ati mkasi wake ulikuwa na ugonjwa. Inawezekana mkasi kuleta ugonjwa, ni kweli, lakini ugonjwa hauanzi kwa fensi nzima siku moja kama umepigiwa saa. Unaanzia mahali, halafu unatembea.

Blaiti na mbolea, na maji ya borehole

Hapa niseme kisa changu. Kulikuwa na kompaundi South C, duranta ya njano imezunguka parking yote, ikaanza kukauka kando za majani. Nilienda jioni, nikaona kahawia, nikauliza agroveti moja, wakanipatia mankozebu, dawa ya fangasi, nikapiga mara tatu, kila baada ya wiki. Ikaendelea. Mara ya nne nilikuja asubuhi nikachuchumaa, kitu ningefanya siku ya kwanza, nikaona udongo chini ya fensi una utando mweupe kama chumvi imekauka, na ndani yake vile vidonge vya mbolea ya CAN bado vinaonekana, havijayeyuka vizuri. Kulikuwa na mtu alimwaga mbolea kavu kwa shina, konzi kwa konzi, na maji yanayotumika hapo yalikuwa ya borehole. Mimi kazi yangu ilikuwa kuona hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na wenye nyumba walilipia dawa mara tatu bure. Hiyo bado inaniuma.

Sasa angalia tofauti ukiwa na jani mkononi. Chumvi na mbolea zinaunguza kutoka ncha na kando, kuzunguka jani lote kama mtu amelichoma na mshumaa akifuata ukingo, na majani ya zamani ya chini ndio yanaumia zaidi ju yamekusanya kwa muda mrefu. Ule mstari kati ya kahawia na kijani ni mkali na unakaa karibu sawa kwa kila jani. Blaiti haina usawa huo, jani moja limekufa nusu, jirani yake liko zima, la tatu lina baka upande wa kushoto tu. Usawa ni ishara ya udongo ama maji. Ukikosa usawa, fikiria kitu chenye uhai.

Kuhusu borehole, Nairobi visima vingi maji yake yana floridi kupita ile 1.5 mg kwa lita ambayo shirika la afya duniani, WHO, wameweka kwa maji ya kunywa, na yana sodiamu pia. Binadamu tunaongea mambo ya meno, lakini draseni na kodilaini zinaonyesha kwa ncha, zinakauka ncha kahawia na mstari wa njano nyuma yake, miaka nenda miaka rudi, na hakuna dawa ya kunyunyiza itasaidia. Kama una njia ya kukinga maji ya mvua, hizo ndio uzipatie kwanza. Haidrenja na gadenia zikipewa maji ya borehole muda mrefu mara nyingi majani yanageuka njano katikati ya mishipa na mishipa yenyewe inabaki kijani, hiyo ni kukosa chuma, si ugonjwa.

Suluhisho la mbolea iliyozidi ni kuisafisha na maji mengi mara moja halafu uache ikauke, siyo kidogo kidogo kila siku. Lakini kama uko kwa udongo mweusi, ile bleki koton ya Embakasi, South B, Syokimau, tulia, ju udongo huo maji hayatoki haraka na utaua mizizi ukijaribu kuokoa majani. Afadhali uondoe ile safu ya juu yenye mbolea kwa mikono kwanza.

Blaiti na wadudu

Hii nitaikaza kwa saiprasi, ju ndio fensi ya watu wengi kuanzia Karen mpaka Kikuyu na ndio inakosewa zaidi. Saiprasi ikianza kuwa kahawia mtu anasema ni blaiti na anapiga dawa ya fangasi. Mara nyingi ni kidukari. Kuna kidukari wa saiprasi alionekana Malawi 1986 na akafika Kenya 1990, na mti aliofyonza unakauka kuanzia ndani, karibu na shina, kuelekea nje. Fungua matawi. Utaona wadudu wa kahawia-kijivu wamejipanga kwa kitawi, wamelala kichwa chini wakati mwingine, rangi yao inafanana sana na gome kwa hivyo angalia ukiwa umetulia. Pitisha mkono kwa matawi ya chini, ukinata, na kukiwa na masizi meusi unayoweza kufuta na kidole, na sisimizi wanapanda na kushuka, umepata jibu. Dawa ya fangasi hapo ni kama kumpa mtu wa njaa dawa ya kikohozi.

Ugonjwa wa kweli wa saiprasi unaonekana tofauti, tawi moja linakufa peke yake, la hapa na la pale, na ukifuata hilo tawi mpaka chini unakuta mahali gome limedidimia na utomvu umetiririka ukakauka kama machozi. Huo ndio ugonjwa uliofanya watu wa misitu hapa Kenya waache ile aina ya macrocarpa kabla ya uhuru wakahamia lusitanica. Hilo tawi unakata chini ya kidonda, unachoma. Na kwa vyovyote, iwe ni kidukari ama ugonjwa, saiprasi iliyokauka mpaka kwa mti mkavu wa ndani haichipuki tena pale, kwa hivyo usingoje mwaka mzima na matumaini, pengo panda kitu kingine.

Kwa hibiskasi, rozi na duranta wakati wa kiangazi kuna utitiri, wale wadogo wa jamii ya buibui hawaonekani vizuri. Wanafanya jani liwe na vidoti vidogo vya njano kama vumbi la unga wa mahindi halafu linageuka shaba. Chukua karatasi nyeupe, gonga tawi juu yake, ngoja. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri.

Dawa ya magugu nayo niitaje haraka: kama nyasi ilipigwa dawa ya magugu ya majani mapana wiki hiyo na machipukizi ya rozi yamejikunja kama kamba na majani yamekuwa membamba ajabu, ni upepo umeleta. Hakuna cha kufanya ila maji na subira.

Blaiti na mizizi iliyooza

Kichaka kizima kinalegea kwa pamoja mchana, udongo uko na maji, unaongeza maji, kinalegea zaidi. Blaiti haifanyi hivyo, yenyewe inakula kwa vipande. Kwaruza gome la shina karibu na udongo na ukucha, chini yake pakiwa kahawia badala ya kijani cheupe, na mizizi midogo ikivuliwa inateleza ganda kama maharagwe yaliyochemka, tatizo liko chini. Kichaka cha namna hiyo mimi nang'oa.

Rozi mwezi wa saba

Nairobi mwezi wa saba asubuhi ni nyuzi 11 ama 12 hivi, mchana 21 ama 22, mawingu kutwa, na kale kamvua kasichoisha. Hapo rozi zinapatwa na vitu vitatu vinavyochanganywa na kila kimoja kinataka uamuzi wake.

Unga mweupe juu ya majani machanga yaliyojikunja, unaofutika kidogo na kidole, huo ni mildiu ya unga. Ajabu yake ni kwamba haitaki jani lililolowa, inataka hewa yenye unyevu usiku na jani kavu, kwa hivyo unaweza kuipata hata kiangazi na hata chini ya paa la veranda. Haiui haraka, kuna muda.

Kisha kuna ile kule shambani tulikuwa tunaita dauni, na hiyo ndio ilikuwa inatutoa jasho. Mabaka ya zambarau ama wekundu wa damu ya mzee, yana kona kona ju yanazuiliwa na mishipa, na jani linaanguka bado likiwa nusu kijani, ukitikisa tawi yanamwagika. Tulikuwa tukipata moja asubuhi, saa sita supavaiza ashajua. Kwa kompaundi ukiona majani mabichi yameanguka chini ya rozi usiku mmoja, amka. Hapa dawa zenye metalaksili zinasaidia.

Ya tatu ni Botrytis, blaiti yenyewe ya kijivu. Inaanza kwa ua lililozeeka ambalo hujalikata, petali inapata vidoa vidogo kama malengelenge, inageuka kahawia laini, halafu hilo petali linadondoka juu ya jani lililolowa na pale lilipogusa jani linaoza. Hiyo njia ukiiona mara moja huisahau, baka kwa jani lina umbo la petali. Ukilipulizia pumzi polepole asubuhi, moshi wa kijivu unatoka, hizo ni mbegu zake, kwa hivyo usipulizie ukiwa katikati ya rozi zingine. Metalaksili kwa Botrytis haifanyi kitu, na hapo ndio watu wanapiga dawa nzuri kwa adui mwingine. Kinachosaidia zaidi ni mkasi, kata maua yote yaliyopita na uyatoe kompaundi, usiyaache chini.

Bokswudi nayo, ile ya kukata mviringo mbele ya ofisi, ina blaiti yake kule nje, Calonectria, iliyojulikana Uingereza miaka ya katikati ya 1990 na ikafika Marekani 2011. Ishara zake ni madoa meusi kwa jani, mistari myeusi kwa kitawi kibichi, halafu majani yanaanguka yote kuanzia chini. Ndugu yake mpole, Volutella, anaacha majani ya rangi ya majani makavu yakiwa bado yameshika tawi, na chini yake vidoti vya pinki-chungwa wakati wa unyevu. Majani yakianguka haraka, ita mtu. Yakibaki yameshika, kata tu na upunguze wingi wa matawi ndani upate upepo.

Mkebe wa aiskrimu

Bado una shaka? Fanya hivi. Chukua mkebe wa aiskrimu, ule ambao kila nyumba uko nao, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 ndio nautumia. Tandika tishu iliyoloweshwa chini, weka vijiti viwili vya meno juu, osha jani gonjwa na maji safi ulilaze juu ya vijiti, funika, weka mahali pa kivuli ndani ya nyumba. Fungua baada ya siku mbili. Manyoya ya kijivu yakisimama kwa ukingo wa baka, ni Botrytis. Vidoti vya chungwa vilivyo laini, fikiria Colletotrichum. Utando mweusi kama mahameli, Alternaria ni mshukiwa. Jani la jua na la mbolea litakaa vile lilivyokuwa. Lakini soma siku ya pili ama ya tatu, usiliache wiki, ju wiki ikiisha jani lolote lililofungiwa litaota kuvu na utajidanganya.

Kama hakuna kilichoota na mabaka yana kona kona, ukiyashika juu ya dirisha yanaonekana kama yameloweshwa mafuta, mwanga unapita, na kuna njano pembeni, hapo ni bakteria na hibiskasi inaipata sana. Bakteria haitibiki kwa mankozebu. Dawa ya shaba inaipunguzia mwendo tu, ile kazi kubwa ni kukata na kukausha.

Na kwa ile kasi niliyosema mwanzo, chora mstari na kalamu ya wino kwa ukingo wa baka, majani matano, funga uzi kwa hayo matawi usiyasahau. Rudi baada ya siku nne. Kahawia ikiwa imevuka wino, iko hai. Ikiwa imebaki pale pale, kilichotokea kilishaisha, na pesa yako weka mfukoni.

Sasa ukate, upige dawa, ama ungoje?

Jua, mbolea, maji, dawa ya magugu: rekebisha chanzo na ungoje, usikate hata majani yaliyoungua nusu ju ile nusu ya kijani bado inalisha mti. Blaiti iliyoshika chini ya robo ya kichaka: kata, siku kavu, sentimita kumi ama zaidi chini ya pale kahawia inaishia, na kati ya tawi na tawi pangusa mkasi na spirit ya 70%. Jiki pia inafanya, kipimo kimoja kwa maji tisa, lakini inakula chuma kwa hivyo osha na upake mafuta ukimaliza. Usitupe matawi kwa shimo la mboji.

Dawa mimi naiweka mwisho, na naitumia tu wakati mvua ndefu inakuja na kichaka kiliugua msimu uliopita. Mankozebu na shaba ni za kukinga, zinakaa juu ya jani zikingoja mbegu za fangasi, jani lililoshaingiwa haziliponyi, kwa hivyo kupiga baada ya fensi kukauka ni kupaka rangi ukuta ulioanguka. Ukinunua angalia pakiti ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali ya kusajili dawa za wadudu na mimea, na imeandikwa inafaa maua, vaa glavu na barakoa, na watoto na mbwa wakae ndani mpaka ikauke. Ulaya waliiondoa mankozebu 2021 kwa sababu za afya, hapo ujue si maji ya kunyunyiza ovyo.

Na kama fensi ni ya pesa nyingi ama ni ya esteti nzima, usikisie, peleka sampuli. KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo, kule Kabete wana maabara, na chuo kikuu cha Nairobi kampasi ya Upper Kabete wana idara inayoshughulikia magonjwa ya mimea, piga simu kwanza uulize siku na gharama. Kata kitawi chenye sehemu nzima na sehemu gonjwa pamoja, ju ugonjwa unaishi pale mpakani, kile kilichokauka kabisa hakiwasaidii. Funga kwa gazeti kavu, siyo plastiki, kitaoza njiani kwa matatu. Peleka Jumatatu ama Jumanne, ukipeleka Ijumaa kitakaa wikendi kikiharibika. Na uandike kwa karatasi ni lini ulianza kuona, unamwagilia maji gani na saa ngapi, na siku uliyopiga dawa mara ya mwisho, ju jani lenye dawa linaweza kukataa kuotesha kuvu hata kama ni gonjwa.